Folda, chaneli au timu ya pekee? Kuficha mambo ya ofisi bila kupoteza funguo

Dereva mmoja wa kampuni yetu ya safari alikuwa anatafuta rekodi ya matengenezo ya gari lake. Ilikuwa Julai, magari karibu yote yako Serengeti au yanapakia kwenda, na fundi alitaka kujua springi za nyuma zilibadilishwa lini mara ya mwisho. Dereva akaandika "Cruiser" kwenye kisanduku cha kutafutia cha Teams, programu ya Microsoft ya mazungumzo na faili za kazini. Kilichokuja juu kabisa hakikuwa rekodi ya gereji. Lilikuwa jedwali la posho za madereva wote 14, jina kwa jina, na safu ya mwisho mhasibu ameipa kichwa "nyongeza ya makubaliano". Safu hiyo ilikuwa na tarakimu kwa madereva wanne tu. Yeye hakuwamo.

Nilipoitwa, dada wa uhasibu alikuwa ameshika tama.

"Kaka, si uliniambia ile timu haionekani?"

Ni kweli nilimwambia. Nilikuwa nimeiondoa timu yake, yaani kikundi chake cha watu na faili ndani ya Teams, kwenye kitabu cha anwani cha kampuni, kwa hiyo hakuna aliyeliona jina lake akiandika barua pepe. Nisichokagua ni kwamba siku inaundwa iliwekwa wazi kwa wafanyakazi wote. Jina lilikuwa limefutwa mlangoni, mlango wenyewe haukuwa na kufuli. Injini ya kutafutia haijali kitabu cha anwani, inachouliza ni kama huyu anayetafuta ana ruhusa ya kufungua faili. Dereva alikuwa nayo, kama sisi wengine wote.

Kuibadilisha timu kuwa ya faragha kulichukua chini ya dakika. Maneno ya parking yalichukua msimu mzima kutulia.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya kuweka sehemu za kazi ambazo baadhi ya watu hawapaswi kuziona. Ofisi yetu iko upande wa Njiro, Arusha, na stoo ya mahema na vifaa vya mlima iko Moshi. Tuko kama 40 wenye akaunti, leseni zetu ni za Microsoft 365, na mtu wa IT ni mimi peke yangu. Kama ofisi yako inafanana na hii, ulinganisho huu utakufaa. Wanaotumia Google nao nimewawekea kipande chao mbele.

Unamficha nani?

Kabla ya kuchagua chombo, muulize anayeomba "sehemu ya siri" anamaanisha nini. Kwa uzoefu wangu maombi haya ni ya aina mbili, na watu huyachanganya. Mmoja hataki kelele: hataki timu ya "Bei za 2026" ionekane kwa kila mtu halafu madereva waanze kuuliza. Mwingine hataki mtu afungue faili hata akipewa linki. Wa kwanza anatosheka na jina kufichwa, wa pili anahitaji ruhusa. Mimi nilimpa dada wa uhasibu dawa ya wa kwanza kwa ugonjwa wa pili.

Kuna na aina ya tatu ambayo hakuna anayeiomba lakini hutokea yenyewe: sehemu iliyofichika kwako wewe msimamizi. Hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi. Kampuni ya utalii inakusanya nakala za pasipoti, tarehe za kuzaliwa, namba za ndugu wa karibu, na kwa wapanda mlima fomu ya afya: una pumu, una presha, unatumia dawa gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Mgeni akikuandikia kutaka taarifa zake zifutwe, jibu la "sijui ziko wapi" halimsaidii yeye wala wewe.

Folda iliyofungwa ndani ya timu

Hii ndiyo njia ambayo kila mtu huanza nayo. Timu ipo, faili zipo, unafungua folda moja, unavunja urithi wa ruhusa (folda haifuati tena ruhusa za timu), unaacha majina matatu. Asiyehusika haioni kabisa, hata jina lake halimtokei. Ni rahisi, haina gharama ya ziada, na haihitaji kumweleza mtu chaneli ni nini.

Shida yake ni kwamba kufuli hiyo haina daftari. Kwenye ukurasa wa msimamizi wa SharePoint, mfumo unaohifadhi faili za timu nyuma ya Teams, utaiona tovuti ya timu, lakini hutaona kwamba ndani yake kuna folda saba zenye ruhusa zake. Ukitaka kujua, unaingia tovuti kwa tovuti au unaendesha ripoti ya ruhusa. Juu ya hapo, mwenye timu ana mamlaka kamili juu ya tovuti yake. Anaweza kuingia kwenye ruhusa za folda, akaona kitufe cha kufuta ruhusa za kipekee, akadhani anasafisha, na folda ikawa ya wote. Na usipobadilisha mipangilio ya mwanzo, mwanachama mwenye haki ya kuhariri anaweza kuwashirikisha wengine bila kukuuliza.

Microsoft wanashauri maktaba moja isizidi ruhusa za kipekee 5,000, na mwisho kabisa ni 50,000. Sisi hatutafika huko hata tukikaa miaka ishirini. Kwa mtu mmoja anayesimamia, kuchanganyikiwa kunaanza kwenye folda ya kumi.

Naitumia kwa kitu kimoja tu: folda ambayo wengi waisome na wachache waandike, kama orodha ya bei iliyopitishwa. Hapo hakuna siri, kuna kuzuia mikono.

Chaneli binafsi

Chaneli ni chumba cha mazungumzo na faili ndani ya timu. Zile binafsi ziliingia Teams mwaka 2019, na watu wengi mpaka leo hawajui kinachotokea nyuma yake. Ukiunda chaneli ya kawaida, faili zake zinakwenda kwenye folda ndani ya tovuti ileile ya timu. Ukiunda chaneli binafsi, Teams inatengeneza tovuti nyingine kabisa ya SharePoint, yenye maktaba yake na ruhusa zake. Ndiyo maana ni salama kuliko folda. Na ndiyo maana inamsumbua msimamizi asiyejua.

Nianze na uzuri wake. Ruhusa zinafuata uanachama wa chaneli. Ukimtoa mtu kwenye chaneli, na kwenye faili ametoka. Huwezi kwenda kwenye tovuti yake kubadilisha ruhusa kwa mlango wa nyuma ukaacha chaneli inasema kingine, kwa hiyo hakuna mtu wa kukuvurugia kama kwenye folda. Kwa kundi dogo lililomo tayari ndani ya timu, ni chombo kizuri sana. Mfano wetu: timu ya Mlima ina watu wa Arusha na wa Moshi, wapishi wakuu na waongozaji. Ndani yake kuna chaneli binafsi ya watu watano wanaopanga malipo ya wapagazi na mgao wa bahshishi baada ya kila safari ya Machame au Lemosho. Waongozaji wanaongea kwenye chaneli za kawaida, hesabu zinafanyika chumba cha pili, na hakuna anayehama timu.

Sasa matata. Mwenye timu ambaye si mwanachama wa chaneli binafsi anaiona kwa jina kwenye orodha ya kusimamia timu, anaweza hata kuifuta, lakini hawezi kuifungua. Mkurugenzi wetu aligundua hili siku moja saa mbili asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hebu niambie, hii kampuni ni ya nani?"

Alikuwa ameona jina "Malipo wapagazi", amebonyeza, hakuna kitu. Nilimweleza kwamba mfumo unamjua kama mwenye timu, si mwanachama wa chumba kile, na kwamba mwenye chaneli anaweza kumwingiza akitaka. Hakufurahi. Baadaye akasema jambo ambalo nimelichukua kama kanuni: mtu akificha kitu, walau ajue amemficha na bosi. Kwenye fomu yetu ya maombi sasa kuna mstari wa hilo.

Upande wangu mimi msimamizi, watu hudhani naona kila kitu. Sivyo. Msimamizi wa SharePoint haingii kwenye yaliyomo ya tovuti moja kwa moja. Anaweza kujipa ruhusa, na tendo hilo linaandikwa kwenye kumbukumbu za ukaguzi. Napenda iwe hivyo, na wafanyakazi nimewaambia. Ninachotakiwa kujua ni kwamba tovuti ipo, inaitwa nini, ya nani na ina ukubwa gani.

Na kujua kwamba ipo nako kuna ujanja wake. Kwenye ukurasa wa tovuti hai, tovuti za chaneli hazijipangi mstari mmoja na nyingine. Unaifungua timu mama ndipo unazikuta chini yake. Ukipita haraka utahesabu timu 9 na kuziacha tovuti 13 zilizo tumboni mwao. Kwa PowerShell, chombo cha kutoa amri kwa maandishi, tovuti hizi zinatambulika kwa kiolezo chake, TEAMCHANNEL#1. Ila zilizoundwa kabla ya tarehe 28 Juni 2021 zimebaki na TEAMCHANNEL#0. Mara ya kwanza nilitafuta kwa alama moja tu, nikajipongeza kwa orodha fupi. Zilizokosekana ndizo zilikuwa za zamani, zenye faili za watu walioondoka.

Kuhusu kuondoka: mwenye chaneli binafsi akiacha kazi, Teams inampandisha mwanachama mwingine kuwa mwenye chaneli. Ni jambo zuri kwa maana chaneli haibaki yatima. Lakini mfumo haujui nani ni mzoefu na nani yuko kwa wiki sita. Kwetu ilimwangukia mwanafunzi wa fildi. Kwa siku kadhaa kijana wa mwaka wa pili ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuingiza na kutoa watu kwenye chumba cha mikataba ya hoteli, naye hakujua, nami sikujua.

Mengine madogo. Huwezi kuigeuza chaneli binafsi kuwa ya kawaida wala ya kawaida kuwa binafsi, kwa hiyo amua mapema. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa chaneli binafsi 30 kwa timu moja, na iliyofutwa iliendelea kuhesabiwa kwa siku 30. Ofisi ndogo ikikaribia idadi hiyo, tatizo si Teams. Na anayesinki faili za timu kwenye laptop asidhani za chaneli binafsi zimo. Ile ni tovuti nyingine, inasinkiwa peke yake. Mtu wetu wa Moshi aligundua hilo umeme umekatika, intaneti haipo, na wapagazi wanasubiri orodha.

Chaneli ya pamoja

Hii ilikamilika mwaka 2022, na kazi yake ni tofauti: inamwingiza mtu ambaye hayumo kwenye timu, hata wa kampuni nyingine, bila kumfungulia timu nzima. Wakala wetu wa Ujerumani anafungua Teams yake ya kila siku, anaikuta chaneli yetu pale, anaweka orodha ya wageni, anaendelea na mambo yake. Hatoki akaunti moja kuingia nyingine. Kwa wabia wa namna hiyo sijaona kinachoishinda.

Lakini chunguza kwanza mwenzako anatumia nini. Lazima awe na akaunti ya kazi ndani ya Microsoft, na wasimamizi wa pande zote mbili wakubaliane kwenye mipangilio ya Entra ID, mfumo wa Microsoft wa akaunti na ruhusa. Mwenye Gmail haingii, na hata mgeni uliyemkaribisha kwenye timu kwa akaunti ya mgeni haingii chaneli ya pamoja. Nusu ya lodge tunazofanya nazo kazi huku Karatu hadi Tarangire wanatumia Gmail. Hapo chaneli binafsi au timu ya pekee inashinda, kwa kuwa zote zinapokea wageni, mradi kwa chaneli binafsi mgeni awe ameingia kwenye timu mama kwanza.

Nayo ina tovuti yake ya SharePoint nyuma, kwa hiyo yale ya kuhesabu na kutafuta yanaihusu vilevile.

Timu ya pekee

Ni njia nzito kuliko zote, na ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi. Unaunda timu mpya ya faragha kwa ajili ya jambo lenyewe. Inakuja na kikundi chake, sanduku lake la barua, kalenda na tovuti. Inakaa kwenye orodha ya tovuti hai bila kujificha tumboni mwa nyingine. Ukitaka isionekane kwenye utafutaji wa timu wala kitabu cha anwani, unafanya hivyo kama hatua ya pili, ukishahakikisha ya kwanza: iandikwe faragha.

Mwenye timu wa mwisho akiondoka, timu inabaki bila mwenyewe, ila kuna sera unayoweza kuwasha inayowaandikia wanachama wanaoitumia zaidi kuwauliza nani ataipokea. Mimi huweka wenye timu wawili tangu siku ya kwanza, hata wakilalamika. Mmoja akiwa likizo Same na simu haishiki, mwingine yupo.

Ubaya wake ni utitiri. Kila mtu akipewa timu yake, baada ya mwaka una "Safari Juni", "Safari Juni mpya" na "Safari Juni MPYA kabisa". Kuna sera ya kuweka muda wa kuisha, timu isiyotumika ikaulizwa kabla haijafutwa, na kuna namna ya kuzuia nani aweze kuunda vikundi. Zote mbili zinadai leseni ya Entra ID P1. Imo ndani ya kifurushi cha Business Premium, haimo Business Basic wala Standard. Angalia kwanza mnalipia nini kabla hujamwahidi bosi. Sisi hatukuwa nayo kwa muda mrefu, kwa hiyo nilitumia njia ya kizamani: kuwaomba watu wapitie kwangu. Wengi walipita.

Ukifuta timu kwa makosa una siku 30 za kuirudisha. Tovuti zisizofungamana na kikundi hukaa kwenye pipa siku 93, lakini usizihesabu hizo kwa timu. Kikundi kikishapotea baada ya 30, biashara imeisha.

Kwa anayetaka kuzitazama zote nne mara moja:

| | Folda iliyofungwa | Chaneli binafsi | Chaneli ya pamoja | Timu ya pekee |
|---|---|---|---|---|
| Msimamizi anaikuta wapi | Haimo kwenye orodha, mpaka ripoti ya ruhusa | Chini ya timu mama | Chini ya timu mama | Kwenye orodha ya tovuti hai |
| Mtu wa nje mwenye Gmail | Kwa linki, kama mmeruhusu | Ndiyo, akiwa mgeni wa timu kwanza | Hapana | Ndiyo, kama mgeni |
| Mwenye timu mama anaona faili | Ndiyo | Hapana, mpaka awe mwanachama | Hapana, mpaka awe mwanachama | Hakuna timu mama |
| Hatari kubwa | Kufunguka bila mtu kujua | Kusahaulika | Mipangilio ya pande mbili | Utitiri |

Maficho ambayo hukuyatengeneza

Unaweza kupanga hayo yote vizuri na bado faili nyeti zikawa kwingine kabisa. Faili anayotuma mtu kwenye mazungumzo ya Teams, yale ya mtu na mtu au ya kikundi kidogo, haiendi kwenye tovuti yoyote ya timu. Inakaa kwenye OneDrive ya aliyeituma (hifadhi yake binafsi ya faili), kwenye folda ya faili za mazungumzo. Wapokeaji wanaiona kama ni yao, kumbe wamepewa ruhusa tu.

Dada mmoja wa booking aliondoka kwa amani wakati wa masika, biashara imelala. Nilifuta akaunti yake kama utaratibu unavyosema. Juni ilipofika na wageni wa Lemosho wakaanza kuja, kila mtu alikuwa anabonyeza fomu za afya zilizotumwa kwenye mazungumzo tangu Februari na kuambiwa faili haipo. Akaunti ikishafutwa, OneDrive yake hukaa siku 30 kama hujabadilisha mpangilio, kisha inaingia kwenye pipa kwa siku 93 nyingine. Mimi nilikuwa siku ya 110. Kwenye ukurasa wa kawaida haionekani tena, lakini kwa PowerShell iliweza kurudishwa. Nilikaa ofisini hadi saa nne usiku, mlinzi akaniletea chai. Kesho yake nilirefusha ule muda wa 30 kuwa mwaka mzima. Mpangilio unaruhusu mpaka siku 3,650.

Halafu kuna WhatsApp. Hapa sina ulinganisho wa kutoa, maana haiko kwenye mizani moja na hizi. Kundi linaweza kubeba watu 1,024, ujumbe umefungwa kati ya simu na simu tangu 2016, na hakuna ukurasa wa msimamizi wa kampuni wa kuangalia nani yumo. Dereva aliyeacha kazi mwaka juzi bado yumo mpaka mtu akumbuke kumtoa, na picha za pasipoti zimo kwenye simu yake hata akitolewa. Kupiga marufuku WhatsApp kwenye kampuni ya safari ni kujidanganya. Mwongozaji yuko geti la Naabi, Serengeti, na mtandao wa vijiti viwili, anatuma "tumeingia", na hiyo ndiyo taarifa inayohitajika. Tulichokubaliana ni kwamba kundi ni la mienendo: nani yuko wapi, gari gani limeharibika, nani apokelewe uwanja wa ndege wa KIA saa ngapi. Hati ya mgeni haipiti pale. Inavunjwa mara mojamoja, na anayevunja anaambiwa afute mbele ya wenzake.

Kama mnatumia Google

Swali linakuwa jepesi kidogo. Faili iliyo kwenye Drive ya mtu binafsi ni ya mtu huyo. Iliyo kwenye hifadhi ya pamoja ni ya kampuni, na mtu akiondoka inabaki. Hifadhi hizi zilianza mwaka 2017 kwa jina la Team Drives, na msimamizi anaziona zote kwenye ukurasa wake, hata zile ambazo mwenye nazo amebonyeza "ficha". Kuficha huko kunaiondoa kwenye orodha yake yeye tu. Kwa hiyo jambo nyeti lipewe hifadhi yake ya pamoja yenye wasimamizi wawili, kama nilivyosema kuhusu timu ya pekee. Akaunti ikifutwa una siku 20 za kuirudisha, pungufu ya zile za Microsoft, kwa hiyo hamisha umiliki wa faili kabla ya kufuta.

Ningekuwa wewe

Ofisi ya watu sita pale Soweto, Moshi, sioni sababu ya chaneli yoyote binafsi. Timu mbili zinatosha: moja ya wote, moja ya fedha na wafanyakazi. Siku mkifika 15 ndipo mfikirie.

Ofisi ya ukubwa wetu: mishahara, mikataba ya wafanyakazi, fomu za afya na nakala za pasipoti zipewe timu ya pekee, ya faragha, wenye timu wawili, na mmojawapo asiwe yule anayeitumia kila siku. Chaneli binafsi itumike kwa kundi dogo ndani ya timu iliyopo na kwa jambo lenye mwisho, mathalani majadiliano ya bei za msimu. Mbia mwenye akaunti ya Microsoft apewe chaneli ya pamoja. Folda iliyofungwa iwe ya kuzuia kuandika, isiwe ya siri.

Na hesabu. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi nachukua orodha ya tovuti zote, alama zote mbili za kiolezo, naibandika kwenye jedwali nililonalo, natazama mpya ni ipi na ipi haina mwenyewe. Inanichukua kama dakika 40 pamoja na kahawa. Natazama na ukubwa, kwa sababu nafasi yetu yote ni TB 1 na GB 10 kwa kila leseni, na pasipoonekana ndipo waongozaji wanapomwaga video za simba.

Anayetaka sehemu mpya anajaza fomu yenye maswali manne: nini kinakwenda humo, nani asikione, je bosi yumo, na ukiondoka kesho nani ataifungua. Juzi limekuja ombi la timu ya kukodisha vifaa vya mlima. Kwenye swali la mwisho mwombaji aliandika "Mungu anajua". Nikamrudishia. Jana mchana imekuja tena ikiwa na majina mawili, moja la kwake na moja la mtunza stoo wa Moshi.